Kadi Ishirini Zisizo na Wino

Nyumba ya mlango wa bluu,
Nyuma ya kiwanda cha maturubai,
Chumba cha mbele, penye dirisha.

Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla ya neno lolote, niambie hilo goti limekaaje. Barua yako ya mwisho ulisema linakusumbua ukipanda ngazi, ukishuka halina neno, nami tangu siku ile kila nikipanda ngazi yoyote nakukumbuka. Kikohozi cha asubuhi je, bado kipo au kimekata tamaa chenyewe? Natumaini barua hii itakukuta umekaa, miguu umeinyoosha, na hakuna mtu anayekuita kutoka chumba kingine.

Sisi huku ni wazima. Naomba uisome sentensi hiyo mara mbili, maana imenichukua miezi mitatu kuiandika. Tangu mwezi wa tatu nimeanza barua kwako mara nne, na kila nilipofika kwenye "sisi huku ni wazima" mkono ulisita, nikachana karatasi. Leo haukusita. Ndugu yako ni mzima, anakula, anabishana, na anaona. Nimeitanguliza habari njema makusudi, usije ukasoma yaliyobaki roho juu. Sasa nikueleze ilikuwaje, kwa sababu kuna jambo tulikuficha, na kabla ya kufichwa wewe nilifichwa mimi ninayelala chumba cha pili.

Uliniuliza kama bado nafanya "ile michezo ya makaratasi". Bado, Shangazi. Mchana nasahihisha vitabu vya watu, ndiyo kazi inayonilisha: nakaa dirishani na nakala, nawinda herufi iliyoanguka na nukta iliyopotea. Jioni macho yakichoka, mikono nayo hudai zamu yake. Basi zile nakala zikishamaliza kazi naziloweka kwenye beseni, nazitwanga mpaka ziwe uji, nautandaza uji juu ya wavu wa dirisha la zamani, naukamua kwa taulo, nauanika. Inatoka karatasi nene yenye rangi ya maziwa, laini kidogo, na ukiiinua kwenye mwanga unaona vipande vya maneno ya mtu ambaye hatajua kamwe kwamba sura yake ya nne imekuwa kadi ya kumpongeza mzazi. Naikata, naikunja, nagonga muhuri juu yake. Vitambaa vinavyobaki kwa jirani yetu fundi cherehani navigeuza majalada ya daftari. Nyumba hii siku hizi haitupi kitu. Hata ganda la kitunguu huulizwa kwanza kama lina rangi.

Muhuri wangu wa kwanza niliuchonga kwenye kiazi. Baba alipita jikoni, akauokota mezani, akaupapasa, akaunusa.

"Hiki nini?"

"Muhuri, Baba."

"Kiazi kinaliwa," akasema. "Nimechonga mihuri ya mahakama, ya shule, ya mabenki. Leo nyumba yangu inagonga kiazi!"

Unakijua kiburi chake cha kazi. Miaka thelathini na mmoja kwenye kile kiduka mbele ya mahakama, na karatasi nzito za mji huu karibu zote zimewahi kugongwa kitu kilichotoka mikononi mwake, mpaka mashine zilipoanza kutoa muhuri kabla mteja hajamaliza soda. Alipofunga duka alileta vyote stoo: patasi ndogo, vibao vya mti mgumu, makopo ya wino, rola ya kupakia wino, na kile kibano cha chuma chenye mkono mrefu cha kukandamizia muhuri kwenye karatasi. Akafunga mlango. Mimi niliamini kwamba amefunga na moyo.

Ndiyo maana kadi yangu ya kwanza ya kweli, baada ya kuacha viazi na kuanza kuchonga soli za kandambili, nilimpelekea yeye kabla ya mtu mwingine. Ilikuwa na jani moja tu, la kijani, lenye mishipa yake yote. Nililichonga siku nne. Aliishika, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, akatazama mahali fulani nyuma ya sikio langu, akasema, "Karatasi yako nzuri." Kisha akanirudishia, jani likiwa kichwa chini.

Karatasi! Siku nne za jani, nikasifiwa karatasi.

Nilimnunia wiki tatu. Wewe ulinipa jina la Nukta kwa sababu nikiudhika nakuwa kidogo, cheusi, na nasimamisha kila kitu. Basi nilisimama hivyo. Nikajenga nadharia nzima kichwani: kwamba ananidharau kwa kuichezea kazi yake, kwamba kwake mimi ni kiazi kingine. Nyumba moja ya vitabu ya mji mwingine ilikuwa imeniita kazini, na barua yao ilikuwa mezani bila jibu. Kila asubuhi Baba aliuliza, "Umewajibu? Nenda, wewe. Unangoja nini?" Hilo nalo nikalitia kwenye nadharia. Anataka niondoke. Mtu aliyesoma akikosa cha kusoma huanza kuwasoma watu wake, na mimi nilimsoma baba yangu ukurasa mzima nikaukosea wote.

Dalili zilikuwepo, Shangazi, zilikuwa zinanikanyaga vidole vya miguu. Tangu mwaka jana alikuwa anamwita kila mtu "Mheshimiwa". Muuza mkaa Mheshimiwa, mwalimu mkuu Mheshimiwa, mtoto wa darasa la pili Mheshimiwa. Mtaani wakaanza kuulizana mzee anagombea kiti gani. Magazeti aliacha kusoma akisema yamejaa uongo, na hoja hiyo nani angeipinga? Chai alimimina akiwa ameingiza ncha ya kidole kikombeni, nami nikaona ni uzee unakosa adabu. Mimi, ninayelipwa kwa kuona nukta iliyopotea.

Katika wiki zile za kununa nikafanya kosa. Nilisafisha stoo yake. Sikumuuliza, niliingia na ufagio na hasira, nikapanga kila kitu kwa ukubwa, nikabandika lebo kwa maandishi yangu mazuri. Kopo la wino mwekundu likahamia rafu ya juu. Mahali pake nikaweka kopo la nta isiyo na rangi, ile aliyokuwa anang'arishia vibao. Makopo mapacha, mfuniko mmoja na mwingine hutofautishi. Nikafunga mlango nimejisifu kweli kweli.

Wiki hiyo hiyo akaja fundi cherehani, yule jirani ambaye sauti yake hutangulia kubisha hodi. Binti yake anaolewa. Watu wengi wangeambiwa kwa simu, lakini alikuwa na wazee ishirini wa pande zote mbili ambao, alisema, ukiwaalika kwa simu hawaji, na wasipokuja hawakusamehe. Akataka kadi ishirini, za mkono, zenye heshima.

Nikafungua mdomo kukubali. Baba akanitangulia kutoka kwenye kiti chake.

"Muhuri nitachonga mimi."

Nilifurahi nikakasirika kwa pamoja. Siku mbili alikaa stoo, mlango wazi, akichonga kibao huku kichwa amekiinua kama mtu anayesikiliza redio. Vidole ndivyo vilivyokuwa vinainama. Akatoka na birika moja na vikombe viwili, vimekaa pamoja vizuri hata ungedhani vinasubiri wenyewe. Nikamuuliza mbona si pete, mbona si maua.

"Harusi ni siku moja," akasema. "Chai ni kila siku."

Siku ya kupiga kadi nilikuwa na nakala za kurudisha kwa mwenye kitabu. Nikamwachia karatasi zilizokunjwa, nikaondoka. Nilirudi saa sita mchana. Kwenye meza ya chumba cha mbele kadi zilikuwa zimepangwa safu nne, tano tano, zikikauka, nafasi kati yao sawasawa kama zilizopimwa kwa rula. Tupu zote. Hakuna birika, hakuna kikombe, hakuna wino hata wa kusingiziwa. Wazo langu la kwanza, na nakuandikia kwa aibu, lilikuwa: ananidhihaki.

Akatokea mlangoni akifuta mikono kwa kitambaa. Mafua yalikuwa yamembana pua, hata harufu ya nta haikumfikia, lakini uso ulimng'aa nisivyouona uking'aa tangu Mama atutoke.

"Umeona wino ulivyokolea?" akasema. "Wekundu kama huo huupati kwenye mashine zao."

Alizitazama kadi, au pale zilipokuwa, akitabasamu. Ndipo ukurasa wote ukajisahihisha wenyewe mbele yangu, mstari kwa mstari: Waheshimiwa, kidole cha chai, magazeti, jani lililopinduliwa. Aliisifu karatasi kwa sababu karatasi ndiyo aliyoiona, kwa kidole. Na ile stoo yake isiyo na mpangilio ilikuwa na mpangilio wa mtu anayejua kila kopo kwa mahali lilipo. Nilipoipanga nilimzimia taa.

"Umekolea, Baba," nikasema.

Nikaenda jikoni nikafungua bomba, maji yapige kelele kwa niaba yangu.

Nilipanga kuamka mapema nipige kadi nyingine kimya kimya, nizibadilishe, kisha nitafute maneno. Lakini fundi cherehani naye aliamka mapema. Nilitoka chumbani nikamkuta ameshakaa, na Baba anamkabidhi furushi kwa mikono miwili kama hati ya nyumba.

"Mheshimiwa, kazi yako hiyo."

Akafungua. Akageuza ya kwanza mbele na nyuma. Akageuza ya pili. Akanitazama. Nikamtikisia kichwa, nikamkonyeza, nikafanya yote yanayofanywa na uso. Lakini huyu mama hajawahi kupokea ishara maishani mwake.

"Mzee, kadi mbona tupu?"

"Tupu vipi? Birika hilo hapo." Kidole chake kilikuwa kimeshalifikia bonde la birika kwenye karatasi. "Na vikombe hivi."

"Bonde nalihisi. Wino ndio siuoni."

"Wino upo."

"Mzee, wino haupo. Na mimi si Mheshimiwa. Jana umeniita Mheshimiwa mara tatu na mimi nimebeba suruali zako mbili nilizozitia viraka. Huko sokoni umempa mkono mlingoti."

"Alikuwa amesimama vibaya," akasema Baba, na kwa nusu dakika nilidhani tutacheka wote na jambo litapita.

Fundi hakucheka. Akaweka furushi chini, akavuta stuli hadi magoti yao yakakaribia kugusana. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Ndugu yangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Tangu lini?"

Baba aliendelea kuipapasa ile kadi, birika, kikombe, kikombe, birika. Kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama yalivyotoka, kwa kuwa yalikuwa yako kabla ya kuwa yangu.

"Baba yetu alipopofuka, dada yangu ndiye aliyeshika fimbo. Yeye ncha hii, mzee ncha ile. Miaka saba. Wenzake wakienda shule, yeye anakwenda na fimbo. Mimi nilikuwa mdogo, mimi nilikwenda shule. Nikasema, ikinifika mimi, hakuna mtoto wangu atakayeishika. Huyu ameitwa kazini. Akijua, haendi. Kwa hiyo nikahesabu hatua. Toka kitandani hadi mlangoni, saba. Hadi bombani, kumi na tisa. Mtu akihesabu, anaishi."

Shangazi, hukuwahi kunisimulia habari ya fimbo. Nilijua tu kwamba unaandika kwa herufi kubwa na kwamba uliishia darasa la nne, na moyoni, Mungu anisamehe, nilidhani hukupenda shule. Barua zako zote ninazo kwenye boksi. Nimezisoma upya.

Nilitaka kusema jambo kubwa. Lililotoka lilikuwa, "Mimi ndiye niliyehamisha makopo."

"Sasa najua," akasema Baba. "Nimegonga goti kwenye ufagio wako siku tatu."

Fundi akainuka, akapiga makofi mara moja kama anayefukuza kuku. "Haya. Kwanza kadi zangu, halafu macho. Harusi yangu haingoji mtu kulia." Tukazipiga upya, kwenye karatasi nyingine, asubuhi ile ile. Mimi nilishika rola na wino, Baba akashika mkono wa kibano. Kila kadi aliuliza, "Umekolea?" na kila mara nilijibu ukweli. Mbili hazikukolea. Nikasema. Tukazirudia.

Kliniki ya macho ilikuwa ya kusubiri kweli kweli, kiti cha mbao na ukuta wa kijani, watu wanasogea kiti kimoja kimoja kama shanga kwenye uzi. Baba alinishika bega, na kila hatua nilihisi anajizuia asiliegemee. Aliamini anakwenda kusomewa hukumu. Baba yake alipofuka, yeye anapofuka. Kwake ilikuwa mali ya urithi. Daktari alikuwa msichana wa rika langu. Akamulika jicho moja, akamulika la pili, akazima taa yake.

"Mzee, huu ni mtoto wa jicho. Macho yote mawili, na amekomaa. Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja yaishe."

"Yaishe macho?"

Daktari akamweleza polepole kwamba lenzi zimeingia ukungu, kwamba huondolewa, huwekwa nyingine, jicho moja kwanza na jingine wiki tatu baadaye, na kwamba mtu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Baba akasema, "Rudia hapo pa kurudi." Akarudia. Nilikuwa nimejikaza tangu siku ya bomba. Hapo nikakaa kwenye kiti cha mgonjwa aliyefuata, naye alikuwa bado amekikalia.

Kuna jambo moja sikujua kama nikuandikie. Tulipokuwa tunatoka nilirudi mlangoni nikamuuliza daktari kuhusu Babu: kama na yeye yalikuwa hayo hayo. Alinijibu kwamba hawezi kusema juu ya jicho ambalo hajalimulika, na kwamba enzi zile na mbali kule huenda hata ingejulikana isingesaidia. Sikumwambia Baba. Nakuambia wewe kwa sababu miaka saba ile ilikuwa yako, na sioni haki ya mtu mwingine kuamua ujue nini juu yake. Ukitaka kukasirika, kasirika. Ukitaka kulia, nipo, niandikie.

Baba ndiye aliyekataza usiambiwe mpaka jicho la pili lipone. "Dada atapanda basi na goti lile aje kunishika mkono," alisema, "na hicho ndicho nisichotaka." Nisamehe kwa kumtii.

Jicho la kwanza lilifunguliwa asubuhi iliyofuata upasuaji. Nesi alibandua plasta, Baba akafumba, akafumbua. Akanitazama. Safari hii macho hayakupita nyuma ya sikio, yalitua usoni pangu.

"Umefanana na mama yako," akasema. "Isipokuwa yeye alikuwa anachana nywele."

Tangu hapo hatuna amani, Shangazi, na sijawahi kufurahia kukosa amani namna hii. Ameona utando kila pembe. Ameona shati lake jeupe ni la njano, na kwamba viatu vyake vya kutokea ni vya jozi mbili tofauti, naye amevivaa kwenye mazishi mawili na kikao cha mtaa. Ameona jirani aliyempa jina la Mheshimiwa kwa mwaka mzima ni yule yule aliyegombana naye kuhusu mtaro, na sasa hajui kama aendelee na heshima au arudie ugomvi. Kwenye harusi, jicho moja likiwa bado na ukungu, alikaa safu ya mbele akimsimulia kila mtu rangi ya nguo yake, hata kama mwenyewe ameivaa na anaijua.

Siku moja akaniomba lile jani. Nikamletea kadi, nikasimama kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Akaipeleka dirishani. Akaitazama muda mrefu, karibu, mbali, karibu tena.

"Mshipa wa tatu uliuchonga ukiwa na haraka," akasema. "Na ukingo wa kushoto umepinda. Kisu chako butu. Nani kakufundisha kusukuma kisu mbele namna hii?"

"Hakuna, Baba."

"Inaonekana. Lete soli nyingine."

Nililia hapo hapo, naye akadhani nimeumia kwa maneno. Ningemwelezaje kwamba sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko ukingo wa kushoto uliopinda? Alikuwa ameuona. Sasa kila jioni tunakaa stoo, yeye na kibao, mimi na soli, na ananikosoa mpaka chakula kinapoa. Makopo nimeyarudisha mahali pa zamani. Yeye akayahamisha tena, eti mpangilio wangu ulikuwa na akili.

Zile kadi ishirini tupu nilikuwa nimezificha ndani ya kabati. Aliziuliza mwenyewe. Alizipanga mezani safu nne, tano tano, akarudi nyuma hatua tatu akazitazama. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka nikampigapiga mgongo. Kisha akavuta moja, akafumba macho na kuipitishia kidole. "Lakini kazi ni nzuri," akasema.

Ndani ya bahasha hii utakuta kadi mbili. Moja ni mojawapo ya zile ishirini. Isogeze dirishani, uiinamishe mwanga uikate ubavuni, utaliona birika. Kadi ya pili ameichonga baada ya macho yote kufunguka, na hakunieleza maana yake. Ni mlango, na kando ya mlango fimbo imeegemezwa ukutani, haina mtu. Ameipiga kwa wino mwekundu. Ilimchukua vibao vitatu. Viwili alivitupa akisema fimbo inaonekana kama imeanguka, naye anataka ionekane imewekwa.

Mimi nimewajibu wale watu wa vitabu. Naanza mwezi wa nane, na huko nitakuwa mbali na wewe kwa nusu ya mwendo wa sasa.

Na Baba anakuja kwako. Tarehe nne ya mwezi wa saba, basi la asubuhi, peke yake. Nilijitolea kumsindikiza, akaniangalia kwa macho yake mapya mpaka nikaondoa wazo. Ana ombi moja, nami nimeapa kuliandika kama alivyolisema: usije stendi kumpokea. Usitume mtu. Anakumbuka njia, na ile asiyoikumbuka ataisoma kwenye vibao. Anakuomba siku hiyo usimame tu nje, mlangoni kwako, mikono mitupu, umwache aje. Anataka akuone kutoka mbali kabla hujamwona yeye.

Nisalimie binamu mkubwa na mke wake, na wale mapacha, waambie daftari zao za majalada ya maua zinakuja na Baba. Msalimie bibi wa ghorofa ya chini anayekusomea dawa zako. Fundi cherehani anakusalimu kwa sauti ambayo pengine umeshaisikia. Mungu akulainishie goti, akulinde ukipanda na ukishuka, na akurudishie kwa njia anayoijua yeye kila asubuhi uliyoitoa kwa ajili ya mwingine.

Wako akupendaye, na ambaye safari hii hakuchana karatasi,

Nukta,
binti wa ndugu yako.